"Account for" siyo akaunti ya benki: kwa nini kusoma neno mara kumi hakutoshi

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani Gare, kule milimani Lushoto, binamu yangu wa kidato cha tatu akaniletea karatasi yake ya mtihani wa Jiografia. Swali lilikuwa linasema "Account for soil erosion in highland areas". Alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu hasara: tope linajaa mtoni, shamba linapungua rutuba, mkulima anakosa hela ya ada. Kapata alama mbili kati ya kumi na tano.

"Kaka, si wamesema akaunti? Nikajua wanataka hesabu ya hasara."

Nilicheka, halafu nikaona siyo cha kuchekesha. Huyu binti amekulia kwenye mteremko. Anajua udongo unashuka kwa sababu shamba limelimwa bila matuta, miti imekatwa, na mvua ya masika inapiga ardhi isiyo na kitu juu yake. Jibu lote alikuwa nalo kichwani. Alichokosa ni kujua kwamba "account for" hapo maana yake ni "toa sababu".

Huwa tunadhani Kiingereza kigumu ni yale maneno marefu kama "photosynthesis". Kumbe hayo yana bahati. Mwalimu wa Baiolojia anayaandika ubaoni, anayachorea mchoro, anayauliza tena wiki ijayo. Yanayotuangusha ni maneno ya katikati: "derive", "justify", "whereas", "consequently". Siyo ya mtaani wala ya somo fulani. Mwalimu wa Jiografia anaamini yameshafundishwa kwenye kipindi cha Kiingereza, na wa Kiingereza ana silabasi yake ya kumaliza. Mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili anakutana nayo kwa mara ya kwanza ndani ya swali la mtihani.

Na ni mengi kuliko unavyodhani. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya makundi 570 ya maneno ya aina hii. Kundi moja ni neno pamoja na ndugu zake, mfano "derive", "derived" na "derivation". Alichambua maandishi ya kitaaluma yenye jumla ya maneno kama milioni 3.5, akakuta makundi hayo yanachukua karibu asilimia 10 ya maandishi yote. Yaani kila ukisoma maneno kumi, moja linatoka humo.

Basi unayajifunzaje? Wengi wetu tulifanya hivi: daftari, mstari katikati, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, halafu unasoma kutoka juu hadi chini mpaka usingizi ukuchukue. Mimi nimefika shahada ya uzamili kwa njia hiyo, kwa hiyo siwezi kuitukana. Ila ushahidi unasema nilikuwa nachota maji kwa pakacha.

Ushahidi wenyewe una utamu wake, maana umetokana na lugha yetu. Mwaka 2008, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha kwenye jarida la Science jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Waliwapa maneno 40 ya Kiswahili na tafsiri zake, kwa mfano "mashua" na "boat". Kila mwanafunzi alisoma orodha, akajaribiwa, akasoma tena, akajaribiwa tena. Tofauti ilikuwa pale mtu alipokwisha kulipata neno fulani mara moja. Kuna waliondolewa neno hilo kwenye kusoma lakini wakaendelea kuulizwa. Wengine waliendelea kulisoma bila kuulizwa tena.

Wiki moja baadaye wakaulizwa yote. Walioendelea kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80, na haikujalisha kama waliendelea kulisoma neno au waliacha. Walioendelea kusoma tu bila kuulizwa walikumbuka kama asilimia 36. Sasa ngoja, hii ndiyo inayonishangaza zaidi: kabla ya mtihani huo, makundi yote yalitabiri kwamba yatakumbuka karibu nusu. Hakuna aliyehisi tofauti. Ndiyo maana ushauri wa "soma mpaka uone umeelewa" una hatari. Ukisoma neno mara ya kumi unalizoea sura, kama mtu unayekutana naye kila siku kwenye daladala ya Lushoto, lakini jina lake hulijui.

Kuulizwa huku bibi zetu walikufanya bila jarida lolote. Kitendawili! Tega! Unatafuta jibu kichwani kwanza, ukishindwa unatoa mji, ndipo unaambiwa. Zingatia mpangilio huo: kutafuta kwanza, jibu baadaye. Ukifunua jibu kabla ya kutafuta, umerudi kwenye kusoma.

Linabaki suala la muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yeye mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, halafu polepole. Akaona pia kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali yanashinda yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner aliligeuza jambo hili kuwa maboksi, na ndicho nilichomtengenezea binamu: kadi zilizokatwa kwenye jalada la daftari la zamani, na maboksi matatu ya viatu. La kwanza anajiuliza kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kila wiki. Akipata, kadi inasogea boksi la mbele. Akikosa, inarudi la kwanza, hata kama ilishafika la tatu.

Jambo moja tulirekebisha njiani. Jaribio la Marekani lilikuwa la neno kwa neno, na mtihani wa Jiografia hauko hivyo. Mwanzoni aliandika "account" peke yake, tafsiri "hesabu", tukarudi palepale. Sasa kila kadi ina sentensi yenye pengo, na ya shambani kwao: "Steep slopes and heavy rain ______ the loss of soil." Nyuma ya kadi kuna jibu na maana yake. Na anajiuliza pande zote mbili, kwa sababu kuelewa neno ukilisoma ni kitu kimoja, kulitoa ukiwa unaandika insha ni kingine.

Wiki iliyopita alinitumia picha. "Account for" iko boksi la tatu. "Whereas" imerudi la kwanza mara ya nne, na ameichora uso wa kununa.