Dawa Haipigani Peke Yake

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya huko huchelewesha ukuaji wa vimelea vya malaria tumboni mwa mbu, hata mara nyingi mbu hufa kabla vimelea havijakomaa. Lakini mkulima ateremkaye bondeni kulima mpunga, karibu na Ziwa Rukwa lililo kwenye meta 800 tu, huingia katika nchi ya joto na ya malaria.

Kwa nini mtu mzima wa bondeni huugua kidogo, ilhali mgeni kutoka uwandani huweza kuzidiwa kwa siku chache? Sababu kubwa imo katika chembe nyeupe za damu.

Kimelea hujificha ndani ya chembe nyekundu, lakini chembe hiyo huota alama ngeni juu ya utando wake. Kwa mtu aliyeugua mara nyingi, chembe nyeupe zenye kumbukumbu huzitambua alama hizo na kutoa kingamwili zinazozinata. Ndipo chembe walaji, hasa zilizomo katika wengu, huzimeza chembe zilizoambukizwa. Mgeni hana kumbukumbu hiyo. Tegemeo lake kubwa ni dawa.

Usugu humkinga kimelea na dawa, haumkingi na chembe nyeupe. Nchini Mali, Abdoulaye Djimdé na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba wagonjwa wenye umri mkubwa, waliotibiwa kwa klorokwini, waliondoa vimelea sugu vizuri zaidi kuliko watoto wadogo. Kinga yao ilikamilisha kazi ambayo dawa ilishindwa.

Jambo hili linaihusu Tanzania. Klorokwini iliachwa mwaka 2001 kwa sababu ya usugu. SP iliyoifuata ikaipisha dawa mseto, ALu, mwaka 2006. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa mkoani Kagera vimeonekana vimelea vyenye badiliko la jeni linalovichelewesha kufa kwa artemisinini. Dawa mseto bado inaponya. Lakini ikidhoofika, watakaoumia kwanza ni wasio na kinga: watoto wadogo, na watu wa nyanda za baridi kama Ufipa.

Kwa hiyo arudiye uwandani akiwa na homa asingoje. Apimwe damu, na akikutwa na malaria amalize dozi yote, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Vimelea vinavyobakia ndani ya mwili usio na kinga havina adui mwingine wa kuvimaliza.