Tapeti Ikinyamaza, Ogopa

Mlio wa tiki-tiki-tiki juu ya silinda huwatia wenye pikipiki kuukuu wasiwasi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Wanaipeleka kijiweni, fundi anafungua kifuniko cha juu, anakaza tapeti mpaka mlio unakata, analipwa, na kila mmoja anaridhika. Baada ya wiki chache pikipiki inaanza kugoma ikiwa ya moto. Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Mchana, baada ya kuzimwa kidogo tu, mtu anapiga kiki mpaka shati linalowa. Kabureta inasafishwa, plagi inabadilishwa, CDI mpya inanunuliwa. Ugonjwa uko palepale, kwa sababu ulitokana na ile dawa ya mwanzo.

Kati ya mkono wa roka na ncha ya valvu lazima ibaki nafasi. Kwenye injini ya Honda CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Ni chini kidogo ya unene wa karatasi ya fotokopi. Fundi akiimaliza nafasi hiyo ili kuua kelele, roka inabaki imeikandamiza valvu hata pale inapotakiwa kufunga kabisa. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Valvu ya kutolea moshi hupokea moto mkali kila mzunguko, na sehemu kubwa ya joto hilo huiondoa wakati imekaa kwenye kiti chake, chuma kwa chuma. Isipokaa vizuri, joto halina pa kwenda, gesi ya moto inapenya pembeni na kuula ukingo wake. Mgandamizo unapungua, na injini ikishapata moto unakuwa mdogo kiasi cha kushindwa kuwasha.

Tena valvu inaweza kubana bila fundi yeyote kuigusa. Kadiri miaka inavyopita, valvu huchimba kiti chake na kupanda kuelekea kwenye roka, na nafasi inajipunguza yenyewe kimyakimya. Kwa hiyo injini ya zamani yenye kelele kidogo ya tapeti hainitishi. Ile iliyokuwa na kelele mwaka jana na mwaka huu imetulia bila kuguswa, hiyo ndiyo ya kufungua leo.

Nimeitaja CG125 kwa makusudi. Honda waliitoa mwaka 1976 baada ya kuona kwamba pikipiki yao ya CB125, yenye kemshafti juu kwenye kichwa cha silinda, ilikuwa ikiharibika upesi katika nchi ambako watu hupakia mizigo mizito na oili hukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Kemshafti ikiwa juu, oili ikipungua yenyewe ndiyo ya kwanza kukauka. Wahandisi wakaishusha chini karibu na krenki, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni, na kazi ya kusukuma valvu wakaipa fimbo mbili ndefu, zile pushirodi. Hata chujio la karatasi hawakuweka. Oili inapita kwenye wavu, kisha kwenye kikombe kinachozunguka pamoja na krenki na kurusha uchafu pembeni. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 2000 zimebeba nakala ya injini hii. Boxer na TVS ni ukoo mwingine: kemshafti zao ziko juu, na vipimo vyao vimo kwenye vitabu vyao.

Pikipiki iliyoundwa kwa kumfikiria mtu asiyeitunza ni rahisi sana kwa anayetaka kuitunza. Hakuna kompyuta wala kifaa maalumu cha kiwandani. Kinachokosekana mara nyingi ni filageji, ile seti ya vibati vyembamba vya kupimia nafasi, na sijui kwa nini mtu ananunua redio ya kufunga kwenye pikipiki kabla ya kuwa nayo.

Kupima tapeti kwenyewe ni kazi ya asubuhi, kwa sababu injini inatakiwa iwe imelala usiku kucha. Isimamishe kwenye stendi kubwa, toa plagi, fungua kifuniko cha roka. Weka gia ya juu kabisa, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, kwa mwelekeo wa kwenda mbele. Ingiza mrija wa kunywea soda kwenye tundu la plagi (usitumie bisibisi, itakwaruza pistoni) na uutazame unavyopanda na kushuka. Sasa angalia valvu ya upande wa kabureta: ikishuka na kurudi juu, pistoni inayopanda baada ya hapo ndiyo inayogandamiza. Mrija ukifika kileleni, simama. Roka zote mbili zikitikisika kidogo kwa vidole, uko mahali sahihi. Zikikataa zote mbili, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili ujaribu tena.

Kibati cha 0.08 kipite kwa kuburuta kidogo, na cha 0.10 kigome. Kama sivyo, legeza nati, geuza skrubu ya tapeti, ishike isizunguke wakati unakaza nati, halafu pima tena. Kupima tena ndiko wengi wanakokuruka, na nati inapokazwa huivuta skrubu, kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina maana. Nikilazimika kukosea, nakosea upande wa kelele.

Plagi ikiwa nje, isome. Ya kahawia hafifu iko salama. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli ni nyingi kuliko hewa, na kabla ya kuigusa kabureta tazama chujio la hewa, hasa kama unapita barabara ya vumbi. Nyeupe inasema kinyume chake: hewa imezidi, labda mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka. Nyeusi iliyolowa oili ndiyo yenye habari mbaya. Kuirudisha, ianze kwa vidole mpaka ifike mwisho, ndipo spana ifuate. Kichwa cha silinda ni aluminiamu, na thredi zake zikifa kwa haraka ya dakika moja, kuzifufua ni kazi ya karakana ya kuchonga vyuma.

Hiyo plagi iliyolowa, pamoja na moshi wa bluu, ndiyo huwafanya watu waambiwe "injini imekwisha". Huenda ni kweli, huenda si kweli. Moshi unaotoka unapoongeza mafuta ukiwa na mzigo huelekeza kwenye ringi za pistoni. Moshi unaotoka injini inapowashwa asubuhi, au unapofungua mafuta tena baada ya kuteremka mlima mafuta yakiwa yamefungwa, huelekeza kwenye sili za valvu, ambazo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuchonga silinda. Kama mgandamizo ni mdogo, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa, rudisha plagi na usikilize mguu wako. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo ringi au silinda imelika. Isipobadilika, tatizo liko kwenye valvu. Ni kipimo cha kijiko kimoja, nacho kimewaepusha wengi na pistoni wasiyoihitaji.

Oili sitaizungumzia sana. Ibadilishe ikiwa ya moto ili uchafu utoke nayo, safisha wavu, na kwenye injini isiyo na chujio la karatasi usiende zaidi ya kilomita 2,000. Jambo moja tu: tafuta maandishi ya JASO MA kwenye chupa. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari madogo zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano. Klachi inateleza, injini inalia mlimani huku pikipiki haisogei, na klachi nzima inalaumiwa bure.

Cheni nayo watu huihukumu kwa macho, wakati rula inatosha. Cheni ya namba 428, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi za ukubwa huu, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivute ikazike, pima nafasi 20: ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, imekwisha, hata kama inang'aa kwa grisi. Ibadilishe pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu meno yaliyolika yataila cheni mpya upesi. Klipu ya kiungo cha kuunganishia, upande wake uliozibwa ndio utangulie kule cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, ikigusa kitu barabarani inafunguka.

Ukifungua breki za ngoma, vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kujazia tairi. Viatu vya zamani, na vingine visivyojulikana asili yake, vinaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha tia grisi kidogo, kidogo kweli, kwenye ekseli ndogo inayotanua viatu. Hiyo ikikauka, breki inakuwa nzito na mtu anadhani viatu vimekwisha.

Zipo kazi ambazo mwenye pikipiki azipeleke kwa fundi: kupasua injini ili kutoa beringi za krenki, kunyoosha rimu, kuchonga silinda. Hata huko, uwe na neno lako. Pistoni za kuongezea ukubwa huuzwa kwa hatua, 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na silinda ikishachongwa haiwezi kurudishwa nyuma. Nunua pistoni kwanza, ipeleke pamoja na silinda, na umwambie mchongaji aipime pistoni hiyohiyo kabla ya kuwasha mashine. Anayechonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye atakupa ile atakayoipata.