Kengele ya shule ikinyamaza, nani atakupangia siku?

Siku ya kufungua shule, panda matatu ya Kitale kwenda Bungoma uone vituko. Mkipita Kiminini, kuna mwanafunzi amefungua daftari mapajani. Mkikaribia Webuye bado ananakili kutoka kwa mwenzake, mwandiko ukiruka kwa kila tuta. Ni kazi ya likizo, aliyopewa wiki kadhaa nyuma. Labda ni wewe.

Usiharakishe kujiita mvivu. Shule ya bweni, kengele hukuamsha, hukupeleka darasani, kwenye prepu, hata kitandani. Muhula mzima huamui lolote kuhusu saa zako. Kisha Aprili unafika nyumbani na kengele hakuna. Kuna ng'ombe wa kukama, jembe linakungoja, mdogo wako analia, na simu ya mama iko hapo mezani. Utajuaje kuanzia wapi? Kupanga, kuanza, kukumbuka maagizo na kujizuia ni stadi za kufunzwa, kama kuendesha baiskeli. Sehemu ya ubongo inayozisimamia, ile iliyo nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Walimu wa stadi hizo unao nyumbani. Mkulima wa Trans Nzoia hangoji mvua ndipo atafute mbegu. Anajua itanyesha mwishoni mwa Machi, hivyo anahesabu kurudi nyuma: mbegu na mbolea ziwe tayari lini, shamba lilimwe lini. Fanya hivyo na insha yako. Inatakiwa Ijumaa? Basi Alhamisi unaisoma tena, Jumatano unaandika, Jumanne unakusanya hoja. Iandike ratiba hiyo mahali unapoiona, hata kwa chaki ukutani (omba ruhusa kwanza!). Usiiweke kichwani. Mwaka wa 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani aliandika kwamba akili hushika kwa pamoja vitu kama saba. Watafiti wa baadaye wakashusha hadi karibu vinne. Ukitumwa sokoni vitu sita na una kazi ya masomo matatu, lazima kitu kianguke.

Halafu, "nitasoma jioni" si mpango. Jioni ipi, ukishafanya nini? Mtafiti Peter Gollwitzer alionyesha kuwa watu hutimiza zaidi wanapoifunga kazi kwenye tukio mahususi. Kwa Kiswahili ni rahisi: "Nikimaliza kukama na kunawa mikono, nitafanya hesabu mbili." Mbili tu, maana ugumu mwingi uko kwenye kuanza. Na simu ikae chumba kingine; ikiwa karibu, utashindana nayo jioni nzima na mara nyingi itashinda.

Mtaala wa CBC umeweka kujifunza jinsi ya kujifunza miongoni mwa umilisi wake wa msingi. Vizuri, lakini mwalimu akimaliza kipindi kwa kusema "fanyeni zoezi la tatu" huku kengele ikilia, nusu ya darasa haikusikia. Dakika mbili za kuandika kazi hiyo na siku yake zingesaidia wengi.

Sasa mpe mzazi wako asome hapa. Mzazi, ukimuuliza mtoto "umesoma?" atajibu ndiyo, yaishe. Muulize, "Utaanza na nini, na saa ngapi?" Halafu akisahau daftari, usilitume kwa boda kila mara.