Upinde, Bunduki na Mzinga: Sayansi ya Kuchagua Silaha Bara ya Kilifi

Tembo dume aliyekomaa wa Tsavo hufikia uzito wa tani sita. Kwa vizazi vingi, Waata wa bonde la Sabaki, bara ya Malindi, walimwangusha kwa upinde. Mwindaji mmoja alimnyemelea mnyama akijua upepo unakovuma, akamkaribia hadi hatua chache, akaachilia mshale mmoja, kisha akangoja.

Anayepima silaha kwa kishindo chake atadhani hizi ni sifa za mababu tu. Na tupige hesabu. Mshale wa gramu 60 ukiruka kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde huwa na nishati ya jouli 60 hivi. Risasi ya .303, iliyotumiwa na majeshi ya Uingereza katika vita vikuu viwili, ina uzito wa gramu 11 tu, lakini hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 740 kwa sekunde. Kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa kasi, risasi hiyo ndogo hubeba zaidi ya jouli 3,000, yaani mara hamsini ya ule mshale. Kama nishati peke yake ndiyo ingeua, Mwata asingeonja nyama ya tembo maishani.

Alionja, na pembe alizopata zilifika bandari za pwani na kuvuka bahari. Kwa hiyo kipimo cha silaha kiko kwingine, katika maswali mawili: inafanya nini ndani ya mwili, na inachukua muda gani kukifanya? La kwanza huulizwa na kila mtu. La pili ndilo linalotenganisha silaha ya kuwindia na silaha ya kujihami, na wengi hulisahau.

Risasi kwanza, bunduki baadaye

Waata, ambao majirani zao wamewaita pia Waliangulu na Wasanye, husema lugha ya Kikushi iliyo karibu sana na Kioromo. Pinde zao ziliwashangaza hata askari wa wanyamapori waliokuja kuwazuia miaka ya 1950: kuuvuta upinde mmoja hadi mwisho kulihitaji nguvu ya kuinua zaidi ya kilo 45. Wageni wengi wenye misuli walijaribu wakashindwa.

Lakini nguvu hiyo yote haikukusudiwa kuua. Kazi ya upinde ilikuwa kufikisha mzigo. Ngozi ya tembo ni nene, na chini yake kuna nyama na mbavu. Mshale ulipaswa kupenya hadi mahali penye damu nyingi. Ndiyo maana mwindaji hakulenga kichwa, ambako mfupa ungeuzuia mshale, bali ubavu na tumbo nyuma ya mbavu. Iliyoua ni sumu iliyopakwa kwenye chembe, na upinde ulipimwa kwa kuifuata sumu. Mwata alianza na kile kinachoingia mwilini, ndipo akatafuta chombo cha kukirusha.

Sumu ilitoka kwenye msunguti, mti mdogo wa porini wa jenasi ya Acokanthera. Wengi wa waliojulikana kwa kuipika walikuwa mafundi wa Kigiriama, nao waliwauzia Waata na hata Wakamba. Mbao na magamba ya mti vilichemshwa kwa saa nyingi hadi kikabaki kitu cheusi na kizito kama lami. Chembe ikishapakwa ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili sumu isikauke wala kupoteza makali juani, na ili mwenye podo asijichome mwenyewe. Leo tungesema mtu huyu alijali namna ya kuhifadhi risasi zake.

Pampu iliyokwama

Ndani ya msunguti mna kemikali iitwayo uabaini, ambayo Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888. Wakati huo tayari wanasayansi wa Ulaya walikuwa wameanza kuziheshimu sumu za mishale za Afrika. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar kwa miaka mingi, alisafiri na Livingstone katika bonde la Zambezi na kukuta sumu ya mmea wa Strophanthus, jamaa wa msunguti. Inasimuliwa kwamba mswaki wake uligusana na sampuli ya sumu hiyo, na alipopiga mswaki akaona mapigo ya moyo yanabadilika. Huko Edinburgh, Thomas Fraser aliichunguza sumu hiyo, na dawa ya moyo ikazaliwa.

Maelezo ya jinsi inavyofanya kazi yalipatikana mwaka 1957, pale Mdenmaki Jens Christian Skou alipogundua, akitumia mishipa ya fahamu ya kaa, pampu ndogo iliyomo katika utando wa seli. Kila mzunguko pampu hiyo hutoa chembe tatu za sodiamu nje ya seli na kuingiza mbili za potasiamu. Uabaini hujibana kwenye pampu ikakwama. Sodiamu hujaa ndani ya seli za moyo, kalsiamu ikafuata, na moyo ukaanza kujikaza kwa nguvu kupita kiasi. Dozi ndogo humsaidia mgonjwa ambaye moyo wake umechoka. Dozi kubwa huvuruga mdundo wote, moyo ukatetemeka bila kusukuma damu. Ugunduzi huo ulimpatia Skou Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Sifa nyingine ya uabaini ilimfaa sana mwindaji: tumbo haliifyonzi kwa urahisi. Sumu iliyoingia kwenye damu ilimuua tembo, lakini nyama yake ililika baada ya kukatwa sehemu iliyozunguka jeraha.

Hata hivyo sumu ina gharama yake, nayo ni muda. Hata ikiwa mbichi na kali, lazima isafiri na damu hadi moyoni, na mnyama huendelea kukimbia wakati huo. Mwindaji aliweza kukubali hilo. Hakuwa na haraka. Alikuwa na maarifa ya kufuata nyayo, na mawindo hayakuwa yakimkimbilia yeye.

Agosti 1914

Upungufu huo ulionekana vitani. Wagiriama walipokataa kodi, kazi ya kulazimishwa na kuhamishwa kutoka mashamba yao kaskazini ya Sabaki, viongozi wao Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa uhamishoni Kisii. Walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Tarehe 4 Agosti 1914 serikali ya kikoloni ililipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti, na vita vikazuka. Upande mmoja walikuwa Wagiriama wenye pinde, mishale ya sumu na mapanga. Upande wa pili walikuwa askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles.

Sumu iliyomuua tembo ingemuua askari pia, lakini baada ya dakika kadhaa, na askari anaweza kufyatua risasi nyingi katika dakika hizo. Zaidi ya hayo, mshale ulihitaji kumkaribia adui hadi hatua chache, ilhali bunduki ya kijeshi ililenga mamia ya mita. Vijiji vilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, watu wengi wakauawa, kisha Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Silaha yao haikuwa duni. Ilikuwa bora kabisa kwa kazi iliyotengenezewa, lakini ikaletwa katika kazi nyingine.

Kisa cha Bell

Wenye bunduki nao walijifunza somo hilohilo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W. D. M. Bell aliwinda tembo Karamoja, Uganda, na nchi jirani. Aliua zaidi ya 1,000, na wengi wao, mamia kadhaa, aliwaua kwa bunduki ya .275, ambayo nishati yake haifiki jouli 3,000 na ambayo wenzake waliiona ya kupigia swala. Siri zake zilikuwa mbili. Kwanza, alipasua mafuvu ya tembo na kujifunza ubongo umekaa wapi ukimtazama mnyama kutoka kila upande. Pili, alitumia risasi ngumu, iliyofunikwa chuma kote, isiyofumuka inapogonga mfupa bali inayopita moja kwa moja.

Uchaguzi wa risasi una kanuni hapo. Risasi yenye pua laini hufumuka mwilini ikapanua jeraha. Kwa swala au ngiri inafaa, kwa kuwa mnyama huanguka upesi. Kwa fuvu la tembo au bega la nyati ingefumuka kabla ya kufika. Risasi ngumu hufika, lakini jeraha lake ni jembamba, kwa hiyo lazima ipite mahali hasa panapotakiwa.

Kwa nini basi waongozaji wa safari, watu wa mfano wa Denys Finch Hatton aliyekuwa na nyumba yake Takaungu, kusini ya mji wa Kilifi, walibeba bunduki nzito za mitutu miwili kama zile za .470, zenye nishati ya karibu jouli 7,000? Kwa sababu kazi yao haikuwa ya Bell. Bell alichagua saa na pembe ya kupiga. Mwongozaji aliitwa pale mgeni wake alipokosea na nyati aliyejeruhiwa akatoka kichakani mbio. Hapo hakuna nafasi ya kulenga kwa utulivu. Risasi nzito humpa mlengaji aliyekosea ubongo kidogo bahati ya kumyumbisha mnyama, na mtutu wa pili hufyatuka papo hapo bila kuvuta komeo. Alilipia muda, na bei yake ilikuwa uzito begani na msukumo wa kumtoa mtu machozi.

Sekunde kumi na tano

Kwa bastola ambayo mtu huibeba kiunoni kila siku, hesabu ya muda ni ngumu zaidi. Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina nishati ya jouli 500 hivi. Mwaka 1989, FBI ya Marekani ilitoa chapisho kuhusu majeraha ya bastola likieleza kwamba hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo hubaki na oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa hiari yake kwa sekunde 10 hadi 15. Ni kupigwa ubongo au uti wa mgongo wa juu tu kunakomsimamisha mtu mara moja. Filamu zinazoonyesha jambazi akirushwa nyuma kwa risasi moja zinatudanganya. Katika sekunde hizo, mwenye panga aliye hatua tatu kutoka kwako anafika.

Chombo chenyewe kina hatari nyumbani pia. Utafiti wa Arthur Kellermann uliochapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 1993 uliona kwamba kuwa na bunduki nyumbani kuliendana na uwezekano wa mara 2.7 wa mtu kuuawa humo, na mara nyingi muuaji alikuwa ndugu au mtu aliyefahamika.

Nchini Kenya sheria imeshalijibu swali la uwindaji. Uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Silaha ya moto ya kujihami inahitaji cheti chini ya Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, na mamlaka inaweza kukinyima. Kwa hiyo kwa mwananchi wa Ganze au Magarini swali linalobaki ni la kujihami, na mara nyingi anayemshambulia ni mnyama anayelivamia shamba lake usiku.

Wajuao kujihami

Kwa kujihami, msunguti umepata mtumiaji asiye binadamu. Panya mwenye kishungi wa Afrika Mashariki hutafuna magamba ya mti huo, kisha hujipaka mate yenye sumu kwenye ukanda wa nywele za ubavuni. Watafiti, akiwemo Bernard Agwanda wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walieleza hilo mwaka 2011: nywele hizo zina matundu na hunyonya sumu kama utambi. Mbwa anayemng'ata huugua, na anaweza kufa. Lakini faida ya panya haipo katika kifo hicho. Huinua nywele zake nyeusi na nyeupe, mshambuliaji akayaona maonyo, na aliyewahi kuonja harudi. Sumu ileile aliyoitumia Mwata kungojea kifo, panya anaitumia kubadilisha nia ya adui kabla ya kuumwa.

Wakulima wa Sagalla, katika kaunti jirani ya Taita-Taveta, wameichukua fikra hiyo kwa chombo kingine. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kwamba tembo hukimbia wanaposikia sauti ya nyuki waliokasirishwa. Kisha mizinga ikatundikwa kuzunguka mashamba, ikaunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga huyumba, nyuki wanatoka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba asilimia 80 ya tembo waliokaribia nyua hizo waligeuka, na mkulima akabaki na asali ya kuuza.

Mwindaji huhitaji mawindo yafe, naye ana muda wa kungoja. Anayejihami hahitaji kifo cha yeyote. Anahitaji mshambuliaji ageuke, na ageuke sasa. Silaha nyingi zinazosifiwa kwa ukubwa wa jeraha lake hujibu hitaji la kwanza, huku wanunuzi wakiwa na hitaji la pili. Mkulima mwenye mahindi ya kuokoa usiku huu akiyaweka mahitaji hayo mawili mezani kabla ya kutazama bei na kishindo, ataona kwamba kwa kazi yake mzinga wa nyuki unaishinda .470.