Maana Mbili za Neno "Adapta": Vifaa vya Zamani na Kompyuta Mpya

Madhumuni ya makala haya ni kutenganisha vitu viwili ambavyo madukani huitwa kwa jina moja: adapta. Jambo hili latuhusu sisi wanaisimu, maana sauti na picha za wazee tuliowahoji nyanjani zingali zimehifadhiwa katika vyombo ambavyo kompyuta za leo hazina tundu lake.

Mawasiliano ya kompyuta na kifaa yana ngazi mbili. Ya kwanza ni umbo la tundu na mpangilio wa nyaya. Ya pili ni kanuni za mazungumzo, yaani nani aanze, na kwa utaratibu gani. Adapta ya aina ya kwanza hubadili umbo tu. Ya aina ya pili ina saketi ndani yake inayofasiri.

Tutazame mifano. Kibodi ya PS/2, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, hupeleka habari yenyewe mara kitufe kibonyezwapo. Katika USB, iliyotolewa mwaka 1996, kompyuta ndiyo iulizayo, nacho kifaa hujibu. Kwa hiyo kibodi isiyojua ila PS/2 haitasikika katika tundu la USB pasipo mfasiri. Kinyume chake, diski ya nje ya USB ya zamani huweza kuingia katika tundu la USB-C, lililotokea mwaka 2014, kwa kubadilishiwa umbo tu, kwani kanuni ni za ukoo mmoja.

Hatari kubwa imo katika kamera za kanda za DV. Aghalabu hizo hutoa picha kwa FireWire, iliyosanifishwa mwaka 1995. Huuzwa waya wenye FireWire upande mmoja na USB upande wa pili. Waingia barabara, lakini picha haipiti, kwa kuwa ndani hamna kinachofasiri. Njia ya hakika ni kompyuta yenye tundu au kadi ya FireWire, na ambayo programu yake kuu bado yaitambua.

Twapendekeza basi aina ya kwanza iitwe kigeuzaumbo, na ya pili kifasiri. Istilahi hizi si pambo. Idara inunuapo kigeuzaumbo pale panapohitajika kifasiri, huenda ikadhani kuwa kamera imekufa na kuziweka kando kanda zake, ilhali kanda huzidi kuchakaa, na wengi wa waliosema ndani yake hawapo tena kurudia maneno yao.