Parachichi Lisilokomaa

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za parachichi. Huko Murang'a, katika nchi ya Kenya, ziko nyumba nyingi ambazo karo ya watoto yatoka katika miti michache tu iliyopandwa karibu na boma. Matunda yao, hasa ya aina ya Hass, hupelekwa Mombasa na kupakiwa melini kwenda Ulaya. Na tangu mwaka 2022 China nayo hupokea matunda yao yasiyogandishwa.

Tunda hili lina tabia yake: halilainiki likiwa mtini, ila baada ya kuchumwa. Kwa hiyo ni vigumu kulitambua kwa macho lililokomaa na lililo changa. Lililokomaa hulainika vizuri. Lililo changa hunyauka, likawa kama mpira, wala halina ladha. Tena safari ya bahari ni ya majuma mengi, nayo ilirefuka tangu mwisho wa mwaka 2023, meli nyingi zilipoikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulio, zikazunguka kusini mwa Afrika. Basi kosa la shambani halionekani hata sanduku lifunguliwe ng'ambo.

Dalali huja kabla ya wakati, fedha mkononi, naye mwenye nyumba adaiwa karo. Hatumlaumu upesi mtu mwenye haja. Lakini mnunuzi wa mbali halijui jina la mkulima, alijua jina la Kenya tu. Akipata matunda mabovu, hasara huwafikia wote, hata yeye aliyengoja. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Ndiyo sababu serikali ya Kenya, mwisho wa mwaka, imezoea kusimamisha kwa muda usafirishaji wa parachichi kwa meli.

Kipimo kipo. Kanuni ya mataifa yataka sehemu kavu ya Hass isipungue asilimia 21. Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi: pimeni gramu 100 za nyama ya tunda, mkate vipande vyembamba, mvikaushe mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 21 au zaidi, limekomaa. Asiye na mizani na achume matunda machache, ayaweke ndani siku saba hata kumi. Yakinyauka pasipo kulainika, wakati bado.

Siku ya kuchuma, kateni kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi. Msiyaangushe chini, wala msiyatie guniani, bali katika kreti, kivulini.

Mwisho, mkulima aliye peke yake hana nguvu mbele ya dalali. Majirani wakipatana siku moja ya kuchuma, mnunuzi ana sababu ya kuwafuata, na bei yaweza kuandikwa mbele ya wote. Naye awekaye akiba ya karo katika mavuno haya, ndiye atakayeweza mwakani kumwambia dalali, "Bwana, rudi yakikomaa."