Kabla ya Kulipa, Uliza

Mama mmoja, mwanakisomo, alitueleza yaliyompata mwaka 2018. Alikuwa na magunia 6 ya mahindi, ya kilo mia mia. Akayapakia kwenye lori ayapeleke kwa mwanawe, wilaya ya jirani. Walipofika kwenye kizuizi cha ushuru, mlinzi akamwambia, "Mama, shuka ulipie mzigo." Fedha hakuwa nazo. Akauza debe 2 palepale kwa bei ya kutupa, akalipa. Risiti hakupewa, naye hakuuliza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ushuru ule hakupaswa kuulipa. Ulikuwa umekwisha kufutwa mwaka mmoja kabla yake. Sheria ilibadilika, lakini habari hazikumfikia. Basi leo tueleze tozo za namna hii ziliondolewaje, na sisi wananchi tufanye nini.

Si kila tozo ni mbaya

Ushuru huiwezesha halmashauri kujenga zahanati na madarasa. Kibali cha duka la dawa hutulinda tusiuziwe dawa mbovu. Ukaguzi wa nyama hutulinda tusile ng'ombe mgonjwa. Hizi ni kanuni zenye faida.

Lakini zipo nyingine ambazo hazimlindi mtu. Kazi yake ni kuchelewesha na kumaliza fedha. Ofisi mbili zinamkagua mtu mmoja kwa jambo lile lile, na kila moja inataka ada yake. Au mama muuza vitumbua anadaiwa ushuru kila siku, hata siku asiyopata faida. Hizi ndizo wananchi walizoziita kero.

Serikali ilifanya nini?

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Wengi wetu tunakumbuka jinsi wanaume walivyolala porini wakikimbia mgambo. Pamoja nayo zilifutwa tozo nyingi ndogo ndogo za halmashauri.

Mwaka 2017 ilikuja zamu ya mazao. Ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Tena, msafirishaji wa mazao yasiyozidi tani 1, kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, aliondolewa ushuru. Tani 1 ni kilo 1,000, yaani magunia 10 ya kilo 100. Mama yetu alikuwa na magunia 6 tu!

Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mtu alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka mzima, badala ya kudaiwa kila siku.

Mwaka huo huo wa 2018 Serikali ilipitisha mpango wa kuboresha usimamizi wa biashara nchini. Utekelezaji ulianza Julai 2019. Zamani msindikaji wa chakula alikaguliwa na TFDA na pia TBS. Tangu Julai 2019 kazi ya usalama wa chakula ilipelekwa TBS peke yake. TFDA ikageuka kuwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa pamba. Tuseme kilo 1 inauzwa shilingi 1,000. Kilo 500 ni shilingi 500,000. Kwa asilimia 5, ushuru ni shilingi 25,000. Kwa asilimia 3, ni shilingi 15,000. Tofauti ni shilingi 10,000.

Labda utasema, "Hayo hayanihusu, ushuru wa mazao hulipa mnunuzi." Ni kweli, sheria inamtaka mnunuzi alipe. Lakini mnunuzi naye ana akili. Ushuru ukiwa mkubwa, anashusha bei anayokupa wewe. Mwisho wake mzigo unamrudia mkulima.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulize kabla ya safari. Sheria za ushuru hubadilika, hasa kila Julai bajeti mpya inapoanza. Tumwendee mtendaji wa kijiji au diwani, atueleze sheria ya mwaka huu. Kuuliza si ujinga.

Pili, tupime mzigo na kuandika kilo zake kwenye karatasi.

Tatu, tudai risiti na tuisome palepale. Tutazame tarehe, kiasi, na jina la halmashauri. Fedha isiyo na risiti haijengi zahanati. Huenda imeingia mfukoni mwa mtu. Tukiona hivyo, tutoe taarifa kwa diwani au TAKUKURU.

Nne, tusikwepe tozo ya halali. Anayeuza nyama isiyokaguliwa hajaondoa kero, ameleta ugonjwa.

Yule mama alisafiri tena msimu uliofuata, akiwa na magunia 7 yaliyopimwa. Pale kizuizini akasema kwa heshima, "Mwanangu, mzigo wangu haufiki tani. Kama nadaiwa, niandikie risiti, nitaisoma." Mlinzi akatazama karatasi yake, akainua mti. Lori likapita.

Maswali ya kujadili

1. Kijijini kwetu tunalipa tozo zipi? Kila moja inafanya kazi gani?
2. Magunia 9 ya kilo 120 ni kilo ngapi? Je, yanazidi tani 1?
3. Nani katika kikundi chetu atauliza sheria ya ushuru ya mwaka huu, na atatuletea jibu lini?